Ukoko wa Mtani

Jumatano, 18 Februari. Majivu

Padre Wilbroad, yule anayefundisha seminari ya Kipalapala na kuja kutusaidia misa, ametupaka majivu na kutuambia kila mtu achague kitu kimoja cha kuacha mpaka Pasaka. Mama niliyekaa naye benchi moja kachagua soda. Mimi nikachagua nyama, tena kwa sauti ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma, na papo hapo nikaikumbuka nyama ya Zuwena. Nilikuwa bado nimepiga magoti.

Najua ninachojitafutia. Tangu nihamishwe kutoka Nzega mwezi wa kumi na moja, kuja kufanya kazi ya maabara kwenye zahanati hapa Tabora, sijasonga ugali hata mara moja. Mama yangu kule kijijini Lusu akisikia atapanda basi la kwanza aje kunichapa. Lakini kupikia mtu mmoja kunanichosha, na mtaa wetu wa Ng'ambo haumruhusu mtu kupika. Ukitoka nje jioni, huku Mama Kasimiri, Muha wa Kigoma, anakaanga migebuka, samaki wa ziwani, iliyokuja na treni. Kule kwa Wamanyema kuna sombe, kisamvu chao cha mawese. Mhindi wa kona ana kachori. Na mlangoni kwetu kabisa, kwenye baraza la mwenye nyumba wangu Bi Najiat, kuna Zuwena na masufuria yake. Mimi nakaa chumba cha uani, kwa hiyo siwezi kuingia wala kutoka bila kupita mbele ya wali.

Mvua imenyesha tangu saa kumi. Majivu yote yameoshwa usoni kabla sijafika nyumbani.

Alhamisi, 19 Februari

Waislamu nao wameanza kufunga leo. Mchana mtaa mzima hauna hata chapati. Nimekula biskuti nyuma ya darubini, nimewapa watu mgongo.

Jumamosi, 21 Februari

Leo nimezunguka mtaa tangu saa kumi na moja mpaka adhana. Sijawahi kuuona hivi. Mchana watu wamenuna, maduka nusu yamefungwa, halafu jua likianza kushuka kila mlango unatoa meza. Nimeonja sombe, nikaonja kachori mbili, nikanunua tambi za sukari kwa binti mmoja ambaye babu yake, anavyosema, alikuja na msafara kutoka Kongo akaugua miguu hapa hapa, akaoa. Nusu ya watu wa mtaa huu ukiwauliza walifikaje, babu aliugua miguu.

Nikamalizia kwa Zuwena, kama kawaida. Aliponiona tu akapaza sauti barazani:

"Mpagazi wangu huyo! Umeshatua mzigo?"

"Nimetua, we Mzaramo. Nilidhani nitakukuta umetupa sufuria umekimbilia ngoma."

"Ngoma nitaicheza siku ya kukuzika."

Kijana mmoja mgeni aliyekuwa akingoja uji alitutazama kwa hofu, akadhani tunagombana. Hajui. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo wa Kisarawe. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kwenda pwani, njia ikapita Uzaramo, wakapigana huko, wakapatana, wakazikana, mwisho wakawa watani. Mtani unamwambia chochote, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Yeye ni mkubwa kuliko mama yangu, lakini sijawahi kumwamkia shikamoo hata siku moja. Ningemwamkia angedhani ninaumwa.

Mume wake alikuwa mfanyakazi wa reli, akafia hapa Tabora, mbali na ndugu zake wote. Zuwena hana siku anayoisimulia kwa furaha kama siku ile ya mazishi. Wanyamwezi wa mtaa walikuja bila kuitwa, wanawake wakaosha vyombo wakimtukana marehemu kwa uvivu, na mwanaume mmoja akajilaza ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe kuku. "Nilicheka mbele ya jeneza la mume wangu," aliniambia. "Ndipo nikajua sitarudi Kisarawe. Nina kwetu hapa."

Akanipakulia wali na mihogo ya nazi. Juu yake, bila kuulizwa, akabandika pande la ukoko alioukwangua chini ya sufuria. Kila siku ananiwekea. "Mpagazi hali wali laini, utamlegeza mabega." Ule ukoko una chumvi na mafuta yote ya sufuria, na anajua naupenda kuliko nyama.

Jumanne, 24 Februari

Nimekula nyama. Siku sita tu.

Ijumaa, 27 Februari

Ijumaa ya Kwaresima, na mimi nimekula nyama tena, ya mchuzi wa nazi, vipande vitatu. Nilikuwa nimeshaipiga picha sahani ndipo nikakumbuka ni Ijumaa. Aibu ikanishika. Nami nikiona aibu huwa nafanya mzaha, ndivyo nilivyo tangu shuleni. Nikaiweka picha kwenye stetasi ya wasapu na kuandika:

"Msinihesabie dhambi, hii si nyama. Mzaramo wa baraza la Bi Najiat kanilisha kibudu, ng'ombe alijifia kwa uzee. Nimepima maabara nikathibitisha." Nikaweka na vikatuni vya kucheka.

Octavian, tabibu ninayefanya naye kazi, ambaye naye ni Mnyamwezi, alijibu hapo hapo kwamba amecheka mpaka mgonjwa akashtuka. Binamu zangu wa Lusu wakauliza kama ng'ombe huyo alizikwa kwanza. Zuwena ana simu ya kitochi, haoni mambo hayo, kwa hiyo nikamsomea. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Kibudu! Tena ng'ombe mwenyewe alikuwa Mnyamwezi, ndiyo maana mgumu."

Nimelala na furaha. Dhambi ya nyama nimeisahau kabisa.

Jumapili, 1 Machi

Mvua kubwa jioni. Zuwena hakuuza kitu, karibu wali wote umebaki. Nilikula sahani mbili ili kumsaidia, na vipande viwili vya ukoko.

Jumanne, 3 Machi

Leo hakuna mvua. Mikeka imetandikwa mtaa mzima, watu wanafuturu, na mbele ya Zuwena hakuna mtu. Wanapita wakiangalia ng'ambo ya pili ya barabara. Yule binti wa tambi alivuka kabisa na kwenda kununua uji kwingine.

"Nyie Wanyamwezi mmeniloga," akasema Zuwena. Alikuwa anacheka, lakini alikuwa anafunua kawa na kulifunika tena, kufunua na kufunika.

Jumatano, 4 Machi

Nimejua leo.

Mama mmoja alikuja kupimwa damu. Nilipokwisha kumtoboa kidole akainama karibu, akaninong'oneza: "Daktari, Mungu akulipe. Ile nyama ya barazani tungeila Ramadhani nzima. Kumbe uliipima?"

Nikamuuliza nyama gani. Akatoa simu yake. Picha ilikuwa yangu, sahani yangu, na maneno ni yangu, ila mtu ameyakata. Ule mstari wa mwanzo haupo, uzee wa ng'ombe haupo, vikatuni vya kucheka havipo. Imebaki: Mzaramo wa baraza la Bi Najiat kanilisha kibudu. Nimepima maabara nikathibitisha. Chini yake kuna watu wengi wanamwomba Mungu msamaha kwa walichokula.

Nyama ya mnyama aliyejifia bila kuchinjwa, kwa Mwislamu, katika mwezi mtukufu. Nimekulia Nzega na Waislamu, nilijua kibudu ni nini. Ndiyo maana niliona inachekesha.

Nikamfuata Octavian chumbani kwake. Akaapa hakuwa na nia mbaya, aliwatumia watu wawili tu, na hao wakatuma kwenye kundi la mtaa. "Lakini Yustina, si ulikuwa utani?" Nikamfokea kana kwamba yeye ndiye aliyeandika. Halafu nikarudi kwa yule mama aliyekuwa bado amebana kidole chake na pamba. Ningeweza kumwambia pale pale. Nikamwambia majibu yatatoka baada ya nusu saa.

Alhamisi, 5 Machi

Nimezunguka kwa nyuma, kwenye uchochoro wa choo, ili nisipite barazani. Nimekula migebuka kwa Mama Kasimiri. Ni samaki mtamu, watu wanamsifia mpaka Dodoma, na leo nilikuwa namtafuna kama karatasi. Mama Kasimiri akasema biashara yake imekua mara mbili wiki hii. Akaniongezea kipande.

Ijumaa, 6 Machi

Uchochoro tena. Kupitia uani nilimsikia Zuwena akiuliza mtu, "Mpagazi wangu anaumwa?" Nilikuwa nimekaa kitandani na viatu miguuni.

Jumamosi, 7 Machi

Nimetaka kuiacha siku hii bila kuandika. Naiandika.

Asubuhi nilikwenda bombani uani kuchota maji, nikasikia vyombo vikigongana mbele, kisha kimya. Nilipotoka na ndoo nikamkuta Bi Najiat amekaa peke yake barazani. Mafiga ya Zuwena hayakuwepo. Ukutani ilikuwa imebaki ile alama nyeusi ya moshi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu simama kidogo."

Bi Najiat ni mtu wa maneno machache, baba yake Mwarabu, mama yake Mmanyema, na nyumba hii ni ya babu yake. Watu wakitaka kuapa mtaani wanaapa kwa jina la nyumba hii. Akasema amemwondoa Zuwena. Alimwambia kwa upole, hakumtukana, lakini amemwambia asirudi kupika hapa. "Baraza hili limelisha wasafiri kabla ya reli kujengwa. Wapagazi walilala hapo chini. Hakuna mtu aliyewahi kusema amelishwa haramu mlangoni kwetu. Mimi nimebakiwa na jina tu, mwanangu. Siwezi kulipoteza uzeeni."

"Yeye kasemaje?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka vizuri kabisa.

"Niliuliza, kweli si kweli? Akasema nyama anachukua buchani kwa Mahona, kama siku zote. Nikamwambia Mahona siye aliyeipima." Akanishika mkono, ule usio na ndoo. "Ahsante. Wewe mgeni, tena Mkristo, na ndiye uliyetuhurumia. Wengine wangenyamaza."

Nilitakiwa kusema. Sentensi ilikuwa fupi: bibi, nilikuwa natania. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama kwa shukrani, na mimi tangu nihamie hapa nimetaka sana mama huyu anione mtu wa maana.

Akaingia ndani akarudi na kisahani cha halua. Nikaweka ndoo chini. Nikala halua, mbele yake, nimesimama, nikasema ahsante bibi.

Jumapili, 8 Machi

Nimekwenda kuungama. Nilianza na nyama ya Ijumaa. Padre Wilbroad akaniambia, haya, nyama nimeisikia, endelea. Nikaendelea. Nilipomaliza akasema kwa hasira kidogo, "Binti, ulilisema mbele ya mtaa mzima, unakuja kunong'ona kwangu? Mimi sili kwa huyo mama." Hakuniondolea dhambi, wala hakunipa hata Salamu Maria moja ya kitubio. Akasema nirudi nikishalisema pale nilipolisemea.

Mvua usiku na mchana. Chumba kinavuja juu ya kabati.

Jumanne, 10 Machi

Nikatafuta njia ya mkato. Nimeandika kwenye stetasi: "Ile habari ya kibudu ilikuwa utani wa Wanyamwezi na Wazaramo. Nyama ni safi. Samahanini."

Majibu: "Wamekutisha, daktari?" "Sema kweli, kakupelekea pilau?" "Haramu haitaniwi." Binamu zangu wa Lusu tu ndio waliocheka.

Alhamisi, 12 Machi

Baada ya kazi nimekwenda kwa Mahona mwenye bucha. Ni Msukuma wa Igunga, mtu mnene mpole. "Mwadeela," nikamwamkia kwa lugha yetu, akaitikia bila kuinua macho kwenye nyama. Naye ameumia. Watu wanamuuliza nani anamchinjia, wakati mchinjaji ni yule yule Mwislamu wa miaka yote, na mihuri ya mkaguzi iko pale pale kwenye mapaja ya ng'ombe.

"Mimi pia Wazaramo ni watani zangu," akasema. "Nimemtukana Zuwena miaka mingi kuliko wewe. Nilishamwambia mbele za watu kwamba supu yake inabweka. Lakini namwambia usoni, dada, naye ananirudishia, watu wanacheka, imekwisha. Wewe ulimtania mahali ambapo hawezi kukujibu."

Nikamwambia nilimsomea, na alicheka.

"Alicheka kwa sababu alidhani umemwandikia yeye."

Nikaomba aje na mimi nikaseme. Akakataa. Akasema bucha lake analisafisha mwenyewe, na mimi nisafishe langu.

Jumamosi, 14 Machi

Nimesema.

Jumamosi Bi Najiat hutandika mikeka mbele ya nyumba na kuwafuturisha majirani. Nilikaa uani nimevaa kanga mbili, nikingoja wale tende, wasali, warudi kwenye uji. Walipokaa nikatoka, nikasimama kwenye ngazi, karibu na ile alama nyeusi ya ukutani, nikasema shikamooni, naomba niseme neno.

Nikalisema lote. Kwamba sikupima nyama. Kwamba maabara yetu inapima damu, mkojo na choo, hata ningetaka kupima nyama sina cha kuipimia. Kwamba nilivunja Kwaresima yangu nikaona aibu, nikamtupia mtani wangu aibu hiyo ili watu wacheke. Kwamba nilijua Jumatano ile tayari, na nikakaa kimya siku zote hizi.

Hakuna aliyecheka. Fundi baiskeli wa jirani, mzee wa Kimanyema, akaweka kikombe chake chini. "Sisi huku tumeitwa wala watu tangu enzi za babu zetu," akasema. "Na waliosema, wengi walikuwa wanacheka." Akachukua kikombe chake akaendelea kunywa.

Bi Najiat alikuwa ananitazama tu. Nikatamani anifukuze.

"Nilipokuambia nimemwondoa, ulikuwa umesimama hapo."

"Ndiyo, bibi."

"Nikakushukuru."

"Ndiyo."

"Na halua ukala."

"Nilikula, bibi."

"Ilikuwa tamu?"

Machozi yalianza kunitoka, nami nikayaonea haya, maana hayakuwa na kazi yoyote pale.

"Mimi nimemtoa mtu mwezi wa Ramadhani kwa neno la simu," akasema, na sasa alikuwa anawaambia wote. "Hilo ni langu, kesho nitakwenda kwake mwenyewe kwa miguu yangu." Kisha akanigeukia. "La kwako usinitume."

Jumatatu, 16 Machi

Nimenunua jogoo mwekundu, mkubwa, nikaenda naye Isevya anakokaa Zuwena. Mtani akizidisha hulipa kuku, ndivyo nilivyosikia kwa wakubwa. Njiani nilipanga matusi. Nilikuwa na tusi zuri sana kuhusu jogoo kuwa mjomba wake.

Alikuwa anaanika vyombo, mvua ilikuwa imekatika kidogo. Masufuria makubwa yalikuwa yamepangwa ukutani, meupe, yamesuguliwa mpaka chini. Tusi nikaliacha. Nikasema tu, "Nimekuja."

"Karibu. Kaa."

Akampokea jogoo, akamfunga kwenye mguu wa meza. Akanipa chai. Nikaomba msamaha, kwa maneno mengi, nikazunguka, nikarudi mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mtani hakasirikiwi," akasema. "Mimi nimelelewa hivyo. Habari yako niliipata Jumapili, ile ya mvua kubwa. Mteja wangu mmoja alinionyesha."

Jumapili. Alikuwa amekwisha kujua akinipakulia zile sahani mbili, akinibandikia ule ukoko.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nilijua utasikia. Nikasema, akisikia atakuja mbio, atasimama barazani apige kelele, Mzaramo wee, nimekuua! Na mimi nitakujibu, nitakutukana mpaka mtaa mzima ucheke, na wakicheka yamekwisha. Nilishaliandaa na tusi." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likatoweka. "Nikakungoja Jumatano. Nikakungoja Alhamisi. Mtu akaniambia yuko kwa Mama Kasimiri anakula migebuka."

Nikaweka kikombe chini.

"Mume wangu alipokufa, Wanyamwezi walikuja kabla ya ndugu zangu. Mtani anakuja siku mbaya. Siku nzuri kila mtu anakuja." Akainuka akachukua kikombe changu. "Bi Najiat kaja jana. Nitarudi Idi. Ahsante kwa kuku."

Alinisindikiza mpaka njiani kama mtu anavyomsindikiza mgeni.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Sijala.

Jumamosi, 21 Machi. Idi

Mwezi umeonekana. Zuwena amerudi barazani tangu alfajiri na biriani. Nilichungulia dirishani. Bi Najiat alivaa nguo ya sikukuu, akatoka, akakaa kwenye kiti mbele ya sufuria, akala nyama peke yake, polepole, mtaa unatazama. Alipomaliza akanawa. Yule fundi baiskeli akafuata. Baadaye wakaja wengine, si wote. Yule binti wa tambi hakuja.

Mahona alipita na baiskeli akapaza sauti, "Zuwena, huyo leo anabweka au analia?" Zuwena akamjibu jambo sikulisikia vizuri, kuhusu mama yake Mahona. Watu wakacheka sana. Mimi nikafunga dirisha.

Jumapili, 29 Machi. Matawi

Nimepata maondoleo ya dhambi leo. Padre Wilbroad aliuliza kama yule mama amenisamehe. Nikasema ndiyo. Akauliza, basi mbona unalia? Nikasema sijui, padre.

Najua.

Kila siku natoka na kuingia kupitia mbele sasa, sipiti uchochoroni. Ananisalimia. Anauliza habari za kazi. Nami sijawa na ujasiri wa kukaa kula.

Ijumaa, 3 Aprili. Ijumaa Kuu

Tangu Machi ianze sijagusa nyama. Sikuifunga kwa ajili ya Mungu, haikupita tu kooni.

Jumatatu, 6 Aprili. Jumatatu ya Pasaka

Leo nimekwenda. Mvua zimeanza kwisha, jioni ilikuwa kavu na mtaa umejaa, Waislamu na Wakristo wote wanakula sasa, mchana na jioni. Moshi wa migebuka ulikuwa umefika mpaka kwetu. Barazani kulikuwa na watu wengi, na mbele yangu kwenye foleni alikuwepo yule mama niliyemtoboa kidole. Nikafurahi kumwona pale. Nilifurahi kweli, nataka niliandike hilo.

Zamu yangu ilipofika nikavuta pumzi. Nikapaza sauti ili baraza lote lisikie, kama zamani:

"We Mzaramo! Bado tu hujafa?"

Watu wawili watatu wakageuka, tayari kucheka. Zuwena aliinua uso kutoka kwenye sufuria. Akanitazama kwa upole, bila chuki hata kidogo.

"Marahaba, daktari," akasema. "Karibu."

Nikasimama pale. Akauliza nataka nini, nikasema wali na nyama. Mwiko wake ulishuka mpaka chini ya sufuria, nikasikia ukikwaruza. Akaukwangua ukoko wote, akauweka pembeni kwenye kifuniko, akanipakulia kutoka juu. Alinichagulia vipande viwili vya nyama laini, akaniwekea kachumbari, akafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa, akanipa kwa mikono miwili.

Nimekula yote. Wali ulikuwa mweupe na laini.